Redio Inayosubiri Majina

Belarmino Archuleta,
Nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
Cañada del Nogal,
New Mexico.
Tarehe 9 Mei

Kwa Msimamizi wa Kanisa Dogo la San Isidro,
Bi Orlinda Maestas,
Nyumba yenye lango la buluu.

Mheshimiwa Msimamizi, na mwanangu wa ubatizo,

YAH: KOPO LAKO

Nina miaka themanini na minne, na kabla hujasema neno naomba ukumbuke niliyoyaacha nyuma yangu. Nimeishi kuliko mapadri wetu watano, kuliko kiwanda cha mbao, kuliko sinema ya magari ya barabara ya Española, ile ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, na kuliko daktari aliyenikataza pilipili nyekundu, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuigusa. Nimeishi kuliko zile kanda nene kama matofali, nikaishi kuliko kanda ndogo, nikaishi kuliko santuri za kung'aa ambazo tuliambiwa hazitachakaa milele. Zote ziliingia kwenye dashibodi za watu kwa majigambo, na zote nimeziona zikitolewa kwa bisibisi. Redio ya gari langu ipo palepale ilipofungwa. Kwa hiyo usidhani kopo linanitisha.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Desirae, unayemjua, anayefunga redio za magari mjini, alitaka kunipigia chapa kwa mashine yake nikakataa, maana mashine inasahihisha na mimi sitaki kusahihishwa. Shule niliiacha darasa la nne. Si kwamba nilikuwa mzito. Mwalimu alikuwa hana la zaidi.

Sasa husika na kichwa cha habari hapo juu. Jumapili iliyopita, baada ya misa, tukiwa ukumbini tunakula posole, ile supu yetu ya mahindi, ulisimama ukaweka mezani kitu cheusi chenye ukubwa wa kopo la maharagwe. Ukasema hicho ndicho kitakachobeba nyimbo na sala siku ya San Isidro, mtakatifu wetu wa wakulima, tarehe kumi na tano, na kwamba mwimbaji mmoja atakivaa begani kwa mkanda. Gari langu, ambalo limekwenda nyuma ya sanamu yake katika maandamano tangu wewe hujajua kufunga viatu, ukaliweka mkiani pamoja na magari mengine, kama gari la mtu aliyechelewa. Nilipouliza sababu ulinijibu mimi, baba yako wa ubatizo, mbele ya watu wote:

"Padrino, gari lako linatoa moshi kuliko chetezo. Na redio yenyewe imekufa, sote tunajua."

Watu wakacheka. Ukabonyeza kopo, wimbo ukatoka hapohapo, watu wakapiga makofi na vijiko. Mimi nilimaliza posole yangu, maana sikuwa na ugomvi na posole, kisha nikaondoka bila kuaga. Huenda hukuona, kwa hiyo nakuarifu rasmi kwamba niliondoka bila kuaga.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kopo halina kwao. Lilikuja kwa posta ndani ya sanduku lililojaa mifuko ya hewa, na hakuna mtu bondeni humu anayejua wazazi wake. Chombo chetu cha sauti, kila kipande kina ukoo. Redio ilizaliwa na gari lenyewe, Chevrolet ya mwaka hamsini na moja, rangi ya divai, ambayo nimeishusha mpaka tumbo linanusa lami. Ni redio ya taa, yaani ndani mna taa ndogo za kioo ambazo lazima zipate moto ndipo sauti itoke. Vile vispika vinne vinavyoning'inia madirishani ni vya ile sinema ya magari. Ilipofungwa mwenyewe alisema kila mtu achukue anachotaka, wengine wakachukua mbao na mashine ya bisi, sisi tukachukua sauti. Maikrofoni ni ya kiwanda cha mbao, ndiyo iliyokuwa ikiwaita watu kazini, na hadi leo ukiipuliza kuna wazee wanatazama saa. Kisanduku cha mwangwi, kile kilicho chini ya kiti cha nyuma, tulikitoa kwenye Buick iliyopinduka mtoni. Ndani yake mna springi mbili. Sauti inapita kwenye springi, inazunguka huko, inatoka imekuwa kubwa kama ya kanisa kuu.

Tuliviunga vyote mwaka sabini na moja, mimi na marehemu Onofre Quintana, kompadre wangu, ambaye nilimsimamia mwanawe ubatizo naye akamsimamia wangu. Kabla ya hapo maandamano yalikuwa marefu mno, wa mbele wako ubeti wa tatu na wa nyuma wako wa pili, San Isidro anapelekewa nyimbo mbili kwa wakati mmoja na haelewi hata moja. Wazo la kuingiza maikrofoni kwenye redio ya gari lilikuwa langu. Kukata, kuunga, kuchoma risasi ya kuungia waya, vyote vyangu. Onofre alishika tochi. Nasema hivi kwa heshima zote za marehemu: alishika tochi vizuri.

2. Kopo halina radi. Hili ndilo zito na naomba ulisome umekaa. Unajua kwamba gari likiruka kidogo pale kwenye kalvati la mfereji, karibu na shamba la kina Trujillo, zile springi mbili zinagongana na vispika vyote vinne vinatoa radi. Mwaka wa ukame mkubwa ndipo ilipotokea mara ya kwanza. Eufelia, mwimbaji wetu, alikuwa katikati ya litania, gurudumu likaingia, radi ikapiga, watu wote wakatazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Wanaume wakavua kofia. Onofre alinitazama, nikamtazama, na kabla wiki haijaisha mvua ikanyesha mpaka mfereji ukafurika. Tangu siku hiyo nikipita pale polepole mno watu wananirudisha. Yule jirani yetu Mpentekoste, ambaye sanamu zetu anaziita vinyago, kila mwaka anasimama kwenye uzio wake wakati wa kalvati, anajifanya anakaza waya.

Sasa tufikiri pamoja kama watu wazima. Pasipo springi hapana radi. Pasipo radi San Isidro hajibu. Asipojibu, mvua hakuna, mfereji unakauka, alfalfa inakufa, ng'ombe wanauzwa, kisha mashamba yanauzwa, na wanunuzi tunawajua, ni wale wa Texas wenye kofia mpya. Watapanda nyasi za gofu. San Isidro, aliyelima kwa jasho huko Hispania, ataishia kuwaombea watu wanaopiga mpira mdogo kwa fimbo. Yote haya kwa sababu ya kopo. Sisemi umekusudia. Nasema umeanza.

3. Kopo limemrubuni Eufelia Lucero. Mama huyu ana miaka tisini na miwili na ndiye anayejua beti zote za nyimbo za zamani. Wengine mnajua mwanzo na mnanung'unika katikati. Hawezi kutembea, ndiyo maana kiti changu cha nyuma ni chake. Nilikwenda kwake Jumatatu nikitegemea atalia. Badala yake aliniuliza kama ni kweli kopo halinuki petroli. Nikamwambia halinuki chochote, na hilo ni kasoro. Akasema miaka yote hii ameimba huku mguu mmoja uko juu ya tangi la akiba, na kwamba siku ya San Isidro harufu humkaa kwenye shali mpaka Krismasi. Hakuwahi kuniambia. Unaona linavyofanya? Linawatoa watu maneno waliyoyaficha kwa adabu.

4. Nafasi yangu. Magari ya watu wengine yametengenezwa ili yawahi. Langu ndilo gari pekee Cañada del Nogal lililotengenezwa ili lichelewe. Nimebadilisha gia, nimebadilisha springi za magurudumu, nimejifunza kwenda mwendo wa mtu mzima aliyebeba sanamu bila injini kuzima na bila kumgonga mtu kisigino. Muulize yeyote. Hakuna kisigino hata kimoja. Kwa miaka yote hiyo nimetazama mgongo wa San Isidro kuliko mtu yeyote aliye hai: ile kofia yake, koti lake la buluu lililobanduka rangi, na kule miguuni yule malaika mdogo na ng'ombe wake wawili, wanaolima wakati yeye anasali. Najua rangi iliyopakwa upya na iliyopakwa vibaya. Leo unataka nitazame bampa la lori la binamu yako?

Kuhusu moshi, ni kweli upo. Lakini ulijibiwa na Onofre mwenyewe mwaka juzi, ulipokohoa kwa makusudi, akakwambia moshi wa gari hili umebarikiwa na padri mara nyingi kuliko wewe.

5. Kopo halijui kusubiri. Hapa nakaza kalamu.

Mwaka ule wa kwanza tulisimama mbele ya kanisa, watu wote wamepanga mstari, nikazungusha swichi kwa mbwembwe. Kimya. Nilisahau kwamba redio ya taa lazima ipate moto, na umati mzima unanitazama. Onofre, akiwa kiti cha abiria, akatoa kichwa dirishani akasema, "Inapata moto." Kimya kikazidi. Watu wakaanza kuona aibu kwa niaba yangu. Ndipo mama yake Eufelia, ili tu kimya kisikae bure, akasema kwa sauti jina la mumewe aliyefariki majira ya baridi. Mwingine akataja jina la kaka yake. Mwingine la mtoto. Walipomaliza, redio ikanguruma, sauti ikatoka, tukaondoka.

Mwaka uliofuata ilikuwa vilevile, na uliofuata. Hakuna aliyeamuru. Ikawa ndivyo: Belarmino anawasha, watu wanavua kofia, wanaitwa wote tuliowazika tangu sikukuu iliyopita, kisha redio inasema. Yule padri wa tatu alimwambia mgeni mmoja kwamba ni desturi ya miaka mia tatu. Sikumsahihisha, alikuwa anafurahi.

Na kuna jambo ambalo ninyi vijana hamkuliona lakini mimi nimeliona. Redio yangu ina akili. Mwaka wenye marehemu wachache inapata moto upesi. Mwaka wenye wengi inachelewa. Ule mwaka wa maradhi, tulipotaja majina mpaka watoto wakaketi chini, ilingoja hadi jina la mwisho kabisa, la yule bwana aliyekuwa akiuza kuni ambaye hakuwa na ndugu na tulidhani hakuna atakayemtaja, na Eufelia akamkumbuka. Ndipo ikanguruma. Nionyeshe kopo linaloweza hivyo. Kopo lako linabonyezwa na kupayuka, kama mtu anayeingia matangani akiuliza chakula kiko wapi.

Mwaka huu jina la kwanza nitakalotaja ni la Onofre. Alifariki Februari, unajua, ulileta keki. Alikaa kiti cha abiria sikukuu zote hizo, kofia gotini, mkono umefunikwa na kofia, anatazama watu kupitia dirishani bila kusema neno. Nilikuwa namtania kwamba amekaa kama anayesubiri basi la Santa Fe. Redio sikumruhusu kuigusa, maana vidole vyake vilikuwa vizito. Sasa wewe ukibonyeza kopo lako, wimbo utatoka papo hapo, wabebaji watainua sanamu, watu watatembea, na Onofre Quintana atakuwa mtu wa kwanza wa bonde hili kuzikwa bila kuitwa. Hilo silikubali hata ukinipa kopo la dhahabu.

Umesema redio imekufa. Haijafa. Ni kweli baada ya mazishi niliiwasha, kioo chake kikawaka kama kawaida, nikakaa nayo mpaka kahawa yangu ikapoa, haikusema kitu. Kwaresima nikarudia, vilevile. Siku hiyo Desirae alikuwa karibu akafungua mdomo kutaka kusema jambo. Nikamwambia anyamaze, najua. Inaomboleza. Tarehe kumi na tano, Onofre akishaitwa, itasema. Desirae huisafisha kila majira ya kuchipua, tangu mikono yangu ianze kutetemeka, na yeye ni shahidi kwamba ndani iko sawasawa.

6. Hoja ya sita nilikuwa nayo nzuri sana lakini imenitoka wakati natafuta miwani. Nakuachia nafasi.

Baada ya hayo, maombi yangu ni machache na ya kiungwana.

Kwanza, kopo lihamishiwe mashindano ya mpira ya watoto kwa muda wa majaribio. Likionyesha tabia njema, baada ya miaka ishirini tutalijadili.

Pili, jioni ya tarehe kumi na nne sanamu ya San Isidro iletwe kwangu ikae kiti cha mbele cha Chevrolet, na mkanda nitaifunga, ili mtakatifu mwenyewe aone kama gari hili linamfaa. Tutaisoma dalili asubuhi.

Tatu, mtu yeyote atakayeimba kwa sauti ya kopo awe wa mwisho katika zamu ya maji ya mfereji. Asiyeheshimu radi asinywe mvua yake.

Nne, usiponikubalia hata moja, nitafanya maandamano yangu. Ninalo gari, ninayo barabara kutoka langoni kwangu hadi darajani, na San Isidro ninaye kwenye kalenda ya duka la mbolea. Atakayetaka kuja aje na kiti chake.

Msalimie mumeo na umwambie kwamba nilisikia kicheko chake kuliko vyote. Wasalimie wabebaji wa sanamu, na yule mwenye bega bovu abadilishe upande. Wasalimie wote waliopiga makofi kwa vijiko. Nawajua kwa majina na kwa vijiko. Msalimie paka wako anayelala juu ya boneti langu, yeye tu ndiye anayejua kitu kizuri akikiona.

Ni mimi, wako wa chini na wa taratibu kama gari langu,

Belarmino Archuleta

Nyongeza.

Orlinda, barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua kwa kisu.

Nilitaka kuongeza idadi ya zile taa za ndani na namba zilizoandikwa kwenye vioo vyake, ili uone unachokidharau. Asubuhi hii nikachukua bisibisi mwenyewe, nikaitoa redio kwenye dashibodi, nikafungua kifuniko.

Ndani hamna taa hata moja. Mna kibao cha kijani chembamba kama biskuti. Kutoka hapo zinaanza nyaya mbili nyembamba ambazo mimi sikuziweka, zinapita chini ya zulia, zinafika kiti cha abiria, na pale pembeni mwa kiti, mahali ambapo mkono wa mtu aliyeweka kofia gotini unafika bila kuonekana, kuna kitufe kidogo kama cha kengele ya mlango.

Nilimpigia Desirae. Alikuja bila kumaliza kazi yake, akasimama karibu na gari, akatazama bisibisi mkononi mwangu, na hakujifanya hajui.

"Zile taa ziliungua mwaka wa theluji kubwa, babu, ulipokuwa hospitali na goti," akasema. "Za kubadilisha hazikupatikana. Babu Onofre alikuja dukani akaniambia nikufungie kitu kipya mulemule ndani ya gamba la zamani, nisikwambie. Nikamwambia hiki kipya kinasema papo hapo, hakina haja ya kupata moto. Akafikiri. Akasema, basi niwekee kitufe upande wangu, kisiseme mpaka niruhusu. Watu bado wana majina."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia Kwaresima. Akasema alijaribu, nikamwambia anyamaze, najua.

Nikampigia Eufelia, maana yeye miaka yote hukaa nyuma ya kiti kile. Nilimuuliza kama aliwahi kuona mkono wa Onofre ukifanya jambo lolote.

"Kila mwaka," akasema. "Anangoja anasikiliza, akiona hakuna mwingine, anabonyeza. Ule mwaka wa maradhi aligeuka akanitazama mimi, kama ananiuliza tumemsahau nani. Ndipo nikamkumbuka muuza kuni. Nilidhani unajua, Belarmino. Mlikuwa mmekaa bega kwa bega."

Kisha nikaingia kiti cha abiria cha gari langu mwenyewe, ambacho sijawahi kukikalia, nikamwambia Desirae awashe. Kikawaka kioo, kimya, kama Februari. Nikashika kitufe. Nikasema kwenye maikrofoni "haya", na vispika vyote vinne vikasema haya, kuku wakakimbilia kwa jirani. Haikuwa inaomboleza. Ilikuwa inamngoja aiambie.

Kwa hiyo naomba masahihisho yafuatayo, na nayafanya mwenyewe, si kwa mashine.

Hoja ya kwanza ifutwe. Desirae amenionyesha kwamba kile kibao cha kijani na tumbo la kopo lako ni mtu na binamu yake. Miaka yote mliyokuwa mkinisifu sauti ya zamani mlikuwa mkilisifu kopo, na mimi nilikuwa nikiwaitikia asanteni.

Ya pili inabaki neno kwa neno. Springi ni zilezile za Buick, nimezitazama, na radi ni ya kweli. Gari liende mkiani ukitaka, lakini lipite kalvati.

Ya tatu, Eufelia achague mwenyewe. Nimehamisha lile tangi la akiba.

Ya nne nimeipunguza. Nimetazama mgongo wa mtakatifu muda mrefu wa kutosha, na yule malaika anayelima pale chini sikumtazama sana kama nilivyojigamba.

Ya tano ifutwe pale niliposema redio ina akili. Redio haina. Na pale niliposema Onofre alishika tochi, andika alishika na kitufe.

Maombi yote manne nayaondoa, isipokuwa mkanda wa San Isidro, ambao ni usalama wa kawaida.

Na ile hoja ya sita imenirudia, au pengine hii ni nyingine: nani atashika kitufe mwaka huu? Nilitaka kushika mimi. Lakini mimi sijawahi kusubiri jambo lolote maishani. Nilidhani nasubiri, kumbe aliyekuwa akisubiri ni yule aliyekaa pembeni yangu. Nikishika mimi nitabonyeza mapema, nataka kusikika. Leta kopo. Alivae yeyote mwenye bega zima. Lakini Desirae aje alifungie kitufe cha Onofre, na ukishike wewe mwenyewe, kwa sababu wewe ni Msimamizi, na kwa sababu siku niliyokubeba kwenye maji ya ubatizo ulinyamaza muda mrefu mpaka padri akaogopa, ndipo ukalia. Unajua kusubiri. Ulizaliwa nako.

Kama kuna mtu atabisha lolote katika haya, wa kuthibitisha wapo. Yupo Desirae Archuleta, aliyechoma risasi. Yupo Eufelia Lucero, aliyekaa nyuma akaona. Yupo Mpentekoste wa kwenye uzio, kwa habari ya radi tu. Na yupo Onofre Quintana, ambaye hatakuja kutoa ushahidi, lakini ataitwa kwa jina tarehe kumi na tano mbele ya kanisa. Usibonyeze mpaka nimalize kulitaja.